Shule Bora na Vyuo Bora: Orodha Zapima Nini?

Neno "bora" limekuwa jepesi sana vinywani mwetu. Mzazi wa Kisarawe mwenye mtoto aliyemaliza Darasa la Saba, au kijana aliyetoka Kidato cha Sita, swali lake la kwanza ni hili: "Shule ile ni ya ngapi?" au "Chuo kile ni cha ngapi katika Afrika?" Akijibiwa kwamba ni cha tatu, moyo wake hutulia, akijibiwa cha mia mbili, huona kama mtoto amekwisha kupotea. Wako waliouza mikorosho yao, na wengine kiwanja cha urithi, ili mtoto aende mahali penye namba ndogo. Sikatai kwamba mzazi ana haki ya kujua ampelekako mwanawe. Lakini namba hiyo yatoka wapi? Ni nani aliyepima, kwa mizani gani, na kazi ya mwalimu mbele ya ubao iliwekwa wapi katika mizani hiyo? Hayo ndiyo nitakayoyachungua. Na hukumu yangu naitoa mapema, ili msomaji anipinge akitaka: orodha hizi hupima mambo mengi, ila ufundishaji wenyewe huugusa kwa mbali mno, kama mtu aonjaye mchuzi kwa kunusa moshi.

Tuanze karibu na nyumbani. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lilikuwa likitangaza matokeo pamoja na majina ya shule kumi bora na wanafunzi kumi bora wa nchi nzima. Shule zilipangwa kwa wastani wa ufaulu wa watahiniwa wake. Watu walikaa karibu na redio kana kwamba wasubiri mwezi kuandama. Hata Januari 2023, matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022 yalipotolewa, Baraza halikuyataja majina hayo. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba kuyataja ni sawa na kuzitangazia shule biashara, tena wanafunzi hawasomi katika hali iliyo sawa. Matokeo ya kila shule yaliendelea kuwekwa wazi, na mwenye kutaka kupanga akapanga mwenyewe. Basi orodha haikufa. Iliondoka mkononi mwa Baraza ikaingia katika mabango ya barabarani na katika mazungumzo ya vijiweni.

Jambo la "hali iliyo sawa" lataka kutazamwa vizuri, maana ndani yake ndimo ulimo mzizi wa shauri hili, na mkoa wetu wa Pwani unao mfano ulio wazi kabisa. Pale Tumbi, Kibaha, iko shule ya sekondari ya wavulana ijulikanayo nchi nzima. Ilitokana na kituo cha elimu kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Uswidi, Norwei, Denmaki na Ufini, nacho kikakabidhiwa serikali yetu mwaka 1970. Ni moja ya shule chache za serikali ziitwazo za vipaji maalum, pamoja na Ilboru, Mzumbe, Tabora, Kilakala na Msalato. Maana ya jina hilo ni kwamba wanafunzi wake huchaguliwa kutoka miongoni mwa waliofanya vizuri kupita wenzao katika mtihani wa Darasa la Saba. Sasa ondoka Kibaha uende Kisarawe, upite mji uelekee kusini, hata ufike kwenye shule ya kata iliyo ndani kabisa, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi katika mpango ulioanza mwaka 2004. Shule hiyo haichagui. Humpokea mtoto aliyefaulu sana na aliyefaulu kidogo, na wengi wao watembea mwendo mrefu kabla ya kengele.

Tufanye mfano, nao ni mfano tu. Kijana mmoja aingia shule ya kuchaguliwa akiwa na alama A katika masomo yake yote, na baada ya miaka minne atoka na Daraja la Kwanza la pointi 10. Mwenzake aingia shule ya kata akiwa na alama C, hajui kuunga sentensi tatu za Kiingereza, na lugha hiyo ndiyo atakayofundishiwa baiolojia na jiografia tangu juma la kwanza. Naye baada ya miaka minne atoka na Daraja la Tatu la pointi 22. Orodha hutazama 10 na 22, ikasema kwamba shule ya kwanza ni bora. Lakini ni nani aliyebebwa mbali zaidi? Na ni mwalimu yupi aliyetokwa jasho?

Wakulima wa Kisarawe hawahitaji mtaalamu kuwaeleza neno hili. Mtu akichambua korosho shambani, akachukua zile kubwa na kavu peke yake akazipeleka ghalani, kisha mnunuzi akasema, "Lo, ghala hili hutoa korosho za daraja la kwanza!" nyinyi mtacheka. Ghala halikukausha korosho. Sisemi kwamba walimu wa Kibaha hawafundishi. Yamkini wafundisha vema kupita wote. Nasema kwamba orodha haina uwezo wa kutuonyesha hayo, maana imepima kilichotoka mlangoni bila kukumbuka kilichoingia.

Kuna ubaya mwingine uliojificha, nao ndio uniumizao zaidi. Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na katika elimu mpango huo ulizipanga shule za msingi kwa matokeo ya Darasa la Saba, kitaifa na ndani ya kila wilaya. Shule yako ikajulikana kuwa ya ngapi Kisarawe, na ya ngapi Tanzania. Hapakuwa na adhabu kubwa wala zawadi kubwa; fedheha peke yake ilitosha. Wachunguzi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichambua matokeo ya shule za nchi nzima tangu 2011 hata 2016, na uchunguzi wao ukachapishwa mwaka 2021. Waliona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, zile shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliongeza ufaulu. La pili, shule zilianza kuwapunguza watoto wa Darasa la Saba, ili wale walio dhaifu wasifike kwenye chumba cha mtihani.

Msomaji, rudia kusoma neno hilo la pili. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aambiwa arudie Darasa la Sita, au aambiwa tu kwamba shule imemshinda, naye akaenda kuchoma mkaa au kulea watoto wa watu Dar es Salaam, na wastani wa shule ukapanda. Katika karatasi, shule ile "imeboreka." Hakuna mstari katika orodha uliomwandika yeye aliyeondoka. Katika baadhi ya sekondari za kulipa jambo hili lina jina lake, mchujo: asiyefikia alama iliyowekwa na shule huhamishwa au hufukuzwa kabla ya Kidato cha Nne, hata serikali ikalikataza. Na huu si ufundishaji mbaya tu. Ni kinyume cha kufundisha, kwa kuwa mwalimu huitwa mwalimu kwa ajili ya yule asiyejua.

Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji kwa kusema kwamba dawa ni kuzichoma orodha zote. Zile shule za mkiani ziliamka kweli, na hilo si dogo. Nchi ya Wales, iliyo sehemu ya Ufalme wa Uingereza, iliacha kuchapisha orodha za shule zake mwaka 2001, hali jirani yake England iliendelea nazo. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Bristol walipolinganisha nchi hizo mbili waliona kwamba shule za Wales zilirudi nyuma, isipokuwa robo ile iliyokuwa juu. Macho ya watu humtia mtu bidii, na mwalimu ni mtu. England nayo ilianza mwaka 2016 kipimo kingine, cha kumlinganisha kila mwanafunzi na wenzake waliokuwa na alama kama zake alipomaliza shule ya msingi. Yaani kupima safari, si kituo cha mwisho tu. Kipimo hicho nacho kina kasoro zake, lakini angalau kimeuliza swali lililo sawa. Kwetu namba za kufanyia hesabu hiyo zipo: matokeo ya Darasa la Saba yapo, ya Kidato cha Pili yapo, ya Kidato cha Nne yapo, yote mikononi mwa Baraza lile lile.

Sasa twende kwenye vyuo vikuu, maana vijana wetu wakitoka Minaki au Kibaha huko ndiko waelekeako, na huko orodha zina sauti kubwa zaidi kwa sababu hutoka ng'ambo. Zilizo maarufu ni tatu: ya Times Higher Education ya London, ya QS nayo ya London, na ya Shanghai iliyoanza mwaka 2003. Nimezisoma kanuni zao kwa subira, na nimeona kwamba wachache sana kati ya wale wazitajao wamewahi kuzisoma.

Orodha ya Times Higher Education ndiyo iliyolipa ufundishaji sehemu kubwa kuliko wenzake. Katika utaratibu ulioanza na orodha ya mwaka 2024, ufundishaji umepewa alama 29.5 kati ya 100. Utafiti, ukijumlisha mafungu yake mawili, huchukua 59. Haya, hizo 29.5 zagawanywaje? Alama 15, yaani zaidi ya nusu, hutokana na kuulizwa wanazuoni wa dunia nzima ni vyuo gani wavionavyo kuwa bora kwa kufundisha. Alama 5.5 hutegemea idadi ya shahada za uzamivu zilizotolewa zikilinganishwa na wingi wa walimu. Nyingine 4.5 ni wingi wa wanafunzi kwa mwalimu mmoja, 2.5 ni mapato ya chuo, na 2 ni uwiano wa shahada za uzamivu na shahada za kwanza.

Tazama zile 15. Mwanazuoni aliyeko Toronto au Seoul aulizwa habari ya ufundishaji wa chuo ambacho hajapata kukaa darasani mwake hata saa moja. Atajibu nini? Atajibu jina alilolisikia. Na jina amelisikiaje? Kwa maandiko ya utafiti, na kwa orodha ya mwaka jana. Hivyo aliyekuwa juu husikika, na kwa kuwa asikika hubaki juu. Mtu awezaje kuhukumu wali wa harusi ambayo hakualikwa? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kina wanafunzi 14 wa sheria. Tangu 1970 kinajitegemea. Kikiulizwa habari zake huko mbali, wanaomjua mhadhiri wa Mlimani aandikaye hesabu ubaoni kwa saburi hata kijana wa mwisho aelewe, ni wangapi? Wamjuao ni wanafunzi wake, nao hawakuulizwa.

Orodha ya QS ni fupi zaidi katika neno hili. Yote iliyoitwa humo hali ya kujifunza ni hesabu moja tu, idadi ya wanafunzi kwa mwalimu, nayo hupewa alama 10. Kabla ya orodha ya mwaka 2024 ilikuwa 20. Hesabu hiyo si ya bure, kwani mwenye watoto mia na ishirini darasani ajua tofauti ya kuwa na arobaini. Ila humhesabu sawa profesa aliye safarini mwaka mzima na mwalimu aliye darasani kila siku. Tena ifikirie taasisi kama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994 ili mfanyakazi na mkulima wasome wakiwa kwao. Kazi yake yenyewe ni kuwafikia wengi walio mbali. Chuo cha namna hiyo kikipimwa kwa uchache wa wanafunzi, kitaadhibiwa kwa kutimiza neno lile kilichoundwa kulitenda.

Na orodha ya Shanghai? Fungu liitwalo humo ubora wa elimu lina alama 10, nazo huhesabiwa kwa wahitimu waliopata tuzo ya Nobel au nishani ya Fields ya hisabati. Hapa nakiri nilicheka. Tuzo hizo mara nyingi huja miaka mingi baada ya mtu kuacha darasa. Mwalimu aliyemfundisha amekwisha staafu au amezikwa. Kipimo hicho chaweza kutuambia habari za mbegu za kale, si za mkulima aliye shambani leo.

Uingereza yenyewe iliona upungufu huu, na mwaka 2017 serikali yake ikavipa vyuo madaraja ya Dhahabu, Fedha na Shaba kwa ajili ya ufundishaji peke yake. Waliuliza maoni ya wanafunzi, wakahesabu wangapi waliacha masomo njiani na wangapi walipata kazi, na kila chuo kikaandika maelezo yake. London School of Economics, chuo ambacho sifa zake zimeenea duniani kote, kilipewa Shaba. Wengi walishangaa. Mimi naona ajabu iko kwingine: hata katika hukumu hiyo, iliyotolewa kwa jina la ufundishaji, hakuna mkaguzi aliyeingia darasani akaketi kusikiliza somo.

Liko jambo ambalo orodha zote hizi haziwezi kulikamata, nalo latuhusu sisi wa vijijini kuliko mtu yeyote. Mwaka 1925 misheni ya UMCA ilifungua Minaki, hapa Kisarawe, Chuo cha Mtakatifu Andrea, kurithi kazi ya Kiungani ya Unguja. Baadhi ya waliosoma pale walikwenda kufundisha. Kazi ya mwalimu wa Minaki ilionekana wapi? Haikuonekana Minaki. Ilionekana mbali, katika mtoto wa kijijini aliyesoma barua ya kwanza ya baba yake. Hata leo chuo kikuu kikimfundisha vema kijana atakayekuwa mwalimu wa fizikia Maneromango, orodha ya dunia haina safu ya kumwandika. Hakuandika makala yatakayotajwa na wengine, hakupata tuzo, mshahara wake ni mdogo. Lakini kwa miaka thelathini watoto elfu kadhaa watapita mikononi mwake, na kila mmoja atachukua kitu kilichotoka katika ukumbi wa Mlimani au wa Chang'ombe. Kwa orodha, kijana huyo ni sifuri. Kwa Maneromango ndiye chuo kikuu chenyewe.

Je, hakuna basi autazamaye ufundishaji kwa macho? Wapo. Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, huingia darasani, huketi nyuma, hufungua madaftari ya watoto na maandalio ya mwalimu, kisha huandika taarifa. Kwa vyuo iko Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo haipangi nani wa kwanza na nani wa mwisho, bali huangalia kama nyumba imesimama. Na mwaka 2017 ilivizuia vyuo kadhaa kupokea wanafunzi wapya. Kazi hizo ni za polepole, nazo hazitangazwi kwa vigelegele. Wathibiti wenyewe ni wachache, njia za Kisarawe wakati wa masika mnazijua, na shule yaweza kukaa muda mrefu bila kuwaona. Lakini taarifa moja ya mtu aliyeketi darasani yamfaa mzazi kuliko namba kumi zilizohesabiwa ofisini. Ajabu ni kwamba katika mikutano ya wazazi watu huuliza "tumekuwa wa ngapi?" mara tatu na mara nne, asikiaye mtu akiuliza "taarifa ya mthibiti ubora ilisema nini?" na aniandikie.

Mzazi atakaye kuchagua shule kwa mwaka ujao hana haja ya kungoja wakubwa wabadili kanuni. Na aende siku ya masomo, si siku ya mahafali. Aombe kuona madaftari ya mwanafunzi wa kati, si ya yule wa kwanza, atazame kama kazi zimesahihishwa na kama kosa la Februari lingalipo mwezi wa Agosti. Kisha amwulize mkuu wa shule maswali matatu: walioingia Kidato cha Kwanza mwaka ule walikuwa wangapi, waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne walikuwa wangapi, na wale waliopungua katikati wako wapi. Majibu yamo katika daftari la mahudhurio, na kulifungua hakuchukui muda mrefu.